Mtani Amechukua Mijusi

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
12 Juni 2023

Kwa Babu Pantaleo,

Shikamoo. Madamu Candida, mwalimu wetu wa Kiswahili, anatufundisha kwamba barua ya kirafiki haianzi na hasira, inaanza na hali. Kwa hiyo kwanza nakuuliza: hujambo? Mguu je? Treni haikukuchosha? Sisi ni wazima, isipokuwa huzuni ya kufiwa na Baba Mkubwa Ismail, ambayo kila mtu hapa nyumbani anaibeba kivyake. Mama anapika mno. Baba haongei.

Hali imekwisha. Babu, umechukua bodi.

Usiniambie hujachukua. Tulipofungua mlango wa nyuma wa mashine ya Baba Mkubwa ya mchezo wa Mijusi baada ya matanga, tulikuta nyaya zinaning'inia, na pale inapokaa bodi pamewekwa ganda la ndizi. Fundi Haruna, jirani yetu anayetengeneza simu, alichungulia akasema, "Hii imetolewa na mtu anayejua. Hakuna hata waya uliokatwa." Katika watu wote waliokuja msibani, anayejua nyaya ni wewe, uliyefanya kazi ya taa za reli pamoja na marehemu babu yangu.

Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akasema Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani akija msibani ana ruhusa ya kuchukua kitu cha marehemu na kukishikilia mpaka wafiwa wakikomboe. Utani naujua. Ulipolala mlangoni ukasema jeneza halitoki mpaka upewe chai, nilivumilia. Lakini bila bodi ile mashine ni kabati tu. Mijusi wanaopigana kiooni, Shingo, Pembe Tatu, Bi Makucha na Kobe Chuma, wote wamo ndani ya bodi. Jioni watoto wa mtaa wanakuja, wanakaa kwenye benchi la Baba Mkubwa na kutazama kioo cheusi kama watu wanaosubiri daktari.

Chumba cha mashine sasa ni cha Baba, kwa kuwa Baba Mkubwa hakuacha mke wala mtoto. Baba amesema hivi, nakunukulia: "Mashine ikiwaka, mtacheza. Ikibaki imekufa, naita watu wa vyuma chakavu, na pale naweka ndoo na mabeseni yangu ya duka." Ndiye aliyeniambia nikuandikie. Kukupigia simu ni kazi bure, maana sikio lako moja limekufa na la pili linasikia linalotaka.

Barua hii nampa Mektilda, mhudumu wa behewa, kama unavyopenda. Tafadhali mpe bodi arudi nayo. Kofia yako ya reli uliisahau kwenye msumari wa ukumbini. Nitaituma.

Mjukuu wako,
Maimuna Bushiri


Ng'ambo, Tabora.
21 Juni 2023

Mzaramo wangu,

Marahaba. Mguu upo, ila umekataa kufuatana na mwenzake. Lakini nyie mnaocheza mdundiko tangu Alhamisi mpaka Jumapili mtajua wapi habari za miguu ya watu waliobeba mizigo kutoka bara hadi pwani?

Barua yako nimewasomea majirani, wakapiga makofi. Ina aya, ina nukta! Wazaramo mmeanza lini kuweka nukta? Mlikuwa mnaongea tu mpaka pumzi iishe.

Bodi ipo. Imelala sandukuni, nimeifunika kanga ya marehemu bibi yako wa huku. Haina unyevu, na panya wameionja wakaikataa. Sijakataa kuirudisha, ila mtani harudishi bure. Nataka samaki, changu wa soko la Feri, aliyekaangwa, afike Tabora akiwa wa moto. Wa moto, siyo wa kupashwa. Akifika wa moto, bodi inapanda treni ya kurudi.

Kofia itunze vizuri. Asubuhi za huku mwezi huu zina baridi kali, masikio yananiuma yote mawili, hata lile lililokufa.

Msalimie baba yako. Mwambie sikio langu moja lilisikia vizuri sana siku ile ya msiba.

Mtani wako,
Babu Pantaleo


Kariakoo.
28 Juni 2023

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini baridi imepungua na masikio yametulia. Sisi tuko salama, na salamu zako nimezifikisha. Baba aliposikia habari ya sikio alikohoa, akaenda kufunga duka mapema.

Babu, naomba uelewe kwamba nimefikiri. Kwenye Fizikia tumesoma namna joto linavyokimbia, na namna chupa ya chai inavyolizuia. Kwa hiyo pamoja na barua hii utapokea chupa ya Mama, ile nyekundu ya wageni. Ndani yumo changu. Alikaangwa Feri nimesimama palepale, nikamkata vipande vinavyopita kwenye mdomo wa chupa, nikafunga, nikakimbia naye mpaka stesheni. Mektilda ameapa hataifungua. Mama hajui. Akijua, wewe una Tabora ya kulala, mimi sina.

Fungua mbele ya mashahidi.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa heshima. Unakumbuka Baba Mkubwa alikuwa akichagua Shingo tu, ingawa watoto wote wanamkimbia kwa sababu ni mzito? Alisema Shingo ni wa kwetu. Alisema ndiye yule mjusi mkubwa wa kale ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba Tendaguru, kule Lindi, wakaipeleka kwao, na mpaka leo iko Berlin. Tukifundishwa hilo kwenye Historia, darasa zima hununa. Sasa Shingo amechukuliwa mara ya pili, na safari hii na Mnyamwezi. Hujisikii vibaya hata kidogo?

Kila jioni Baba ananiuliza, "Babu yako amejibu?" Sijawahi kumwona akiwajali Mijusi namna hii. Nafikiri anamkumbuka kaka yake, ila hawezi kusema.

Mjukuu wako mwenye matumaini,
Maimuna


Ng'ambo, Tabora.
9 Julai 2023

Mzaramo msomi,

Marahaba. Mimi mzima. Mashahidi si wazima sana.

Niliwaita kama ulivyoagiza. Tukakaa barazani, nikafungua chupa. Mmoja alikumbuka ana mbuzi wa kufunga. Mwingine hakusema amekumbuka nini, alikwenda tu. Treni ilisimama njiani zaidi ya kawaida yake, mjukuu wangu, na samaki aliyefungiwa kwenye chupa kwa muda wote huo anakuwa na mawazo yake mwenyewe. Nilitia kidole. Alikuwa vuguvugu. Vuguvugu siyo moto.

Chupa nimeiosha kwa majivu, kwa limau na kwa sabuni ya mche. Chai yangu bado ina magamba.

Kuhusu Mjerumani, umenichoma, nakiri. Lakini jiulize: yeye aliacha ganda la ndizi? Mwizi hufuta nyayo. Mtani huacha alama, ili mwenye kitu ajue pa kwenda.

Fidia ya samaki nimeifuta, kwa ajili ya afya yangu. Fidia mpya ni nyepesi. Nataka baba yako aniandikie mwenyewe, kwa mkono wake, aniambie anaitakia nini bodi.

Mtani wako,
Babu Pantaleo


Kariakoo.
15 Julai 2023

Babu,

Shikamoo. Hali zetu nzuri. Nisamehe, leo salamu ni fupi.

Mama ameulizia chupa. Nikasema iko Tabora. Akasema, "Inafanya nini Tabora?"

Baba amekataa kuandika. Amesema, "Mimi na mzee yule hatuna cha kuandikiana. Mwandikie wewe. Mbembeleze. Lia kidogo." Mimi silii kwenye barua, wino unatapakaa.

Watoto wameacha kuja. Amebaki Lucky, yule binti wa mama ntilie wa kona, ambaye ana miaka sita. Anakuja, anashika fimbo ya mashine iliyozimika, anapigana kwa mdomo: "Pwaa! Nimekung'ata! Umekufa!" Jana nilikaa upande wa pili nimfurahishe. Akaniambia nimeshindwa, nirudi mwisho wa benchi, kwa sababu sheria ya Baba Mkubwa ilikuwa hiyo, mshindi anabaki na aliyeshindwa anakwenda mwisho wa benchi. Nikaenda. Nimekaa peke yangu kwenye benchi tupu, Babu, nikisubiri zamu ya mchezo usiokuwepo. Nina mtihani wa Kemia wiki ijayo.

Nyie ni watu wazima wawili, na kila mmoja ananituma kwa mwenzake. Mimi ni mjukuu. Mimi si behewa.

Maimuna


Ng'ambo, Tabora.
24 Julai 2023

Mjukuu wangu,

Marahaba. Ni kweli wewe si behewa. Behewa haliulizi maswali, nawe una kichwa cha kuuliza. Basi uliza hili: ni nani anayeitaka ile mashine, na alijuaje kwamba ipo?

Mimi siwezi kukujibu. Baba yako nilimbeba mgongoni alipougua surua. Kumtania mbele ya mwanawe ninaruhusiwa. Kumsema siruhusiwi.

Chupa inakuja na Mektilda. Nimeijaza asali ya huku ili mama yako asinichukie. Inanukia samaki kidogo.

Kemia isome.

Babu yako,
Pantaleo


Kariakoo.
6 Agosti 2023

Babu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama anashukuru kwa asali. Anaila huku ameziba pua.

Nimejua.

Alhamisi alikuja mtu kutoka Posta, kule katikati ya jiji, anaitwa Bwana Allen. Anafungua mgahawa huko. Baba akamkaribisha ukumbini, Mama akanituma nipeleke chai. Nilikuwa nyuma ya pazia na trei mkononi.

"Vipi mzee, bodi imerudi?" akauliza.

"Bado kidogo," Baba akasema. "Binti yangu analishughulikia. Anaandika barua huyo, utalia."

"Ikiwaka tu nipigie, nakuja na kirikuu, nabeba siku hiyo hiyo. Wateja wangu wanapenda vitu vya zamani. Nitaiweka mlangoni, pembeni ya maua."

Binti yangu analishughulikia! Chai ilimwagika kwenye trei, nikaingia hivyo hivyo nikasema karibuni, kwa sababu nimefundishwa.

Mgeni alipoondoka nilimuuliza Baba. Nilimwambia, "Ulisema ikiwaka tutacheza." Baba hakunitazama. Akasema, "Na mngecheza, Maimuna. Sikusema siku ngapi."

Babu, yule samaki alikuwa wa kazi gani? Nilikimbia kutoka Feri mpaka stesheni watu wakinishangaa, nikiamini namwokoa Shingo, kumbe nilikuwa namtafutia kirikuu.

Usilete bodi. Kaa nayo huko huko, hata wa vyuma chakavu wakija. Maneno niliyokuandikia kuhusu Mjerumani nayafuta. Kofia yako nilikwisha kuifunga kwenye gazeti, lakini leo sina nguvu ya kwenda mpaka stesheni na mzigo. Itakuja siku nyingine.

Mjukuu wako,
Maimuna


Ng'ambo, Tabora.
16 Agosti 2023

Mjukuu wangu Maimuna,

Marahaba, mama. Barua yako haikuwa na utani hata chembe, na nimekosa raha tangu niisome.

Sasa umejua mwenyewe, kwa hiyo naweza kusema. Siku ile nilipolala mlangoni nikidai chai, baba yako alikuwa upande wa pili wa ukuta na simu sikioni, anamweleza mtu upana wa mashine. Ndani watu walikuwa bado wanasoma Yasini. Usimchukie. Wako watu wakifiwa wanalia, na wako wanaoanza kuhamisha vitu. Alitaka mashine isiwepo ili asiwe anapita anaiona. Ningemkemea, angeniambia mzee hayakuhusu. Lakini mtani haambiwi hivyo. Nikachukua kile ambacho bila hicho mashine haiuziki, nikamwachia ganda la ndizi, nikapanda treni.

Unaniambia nikae nayo. Hapana. Jana nimefungua sanduku nikaitazama chini ya ile kanga. Haingurumi. Nikifa nayo, watu wangu watadhani ni kitu cha redio. Mijusi hawa walishakufa zamani sana, hatuwezi kuwaua tena sisi.

Kwa hiyo inakuja, na fidia yake ya mwisho ni hii. Mpe mama yako aisome kibarazani. Usisome wewe, una sauti ya darasani.

Bushiri, mwanangu. Kabla mashine haijauzwa, haijahamishwa wala haijafunikwa kitambaa, utakaa kwenye benchi la kaka yako na kungoja zamu kama wenzako. Utamshinda kila aliyekaa kwenye benchi hilo, wote kwa jioni moja. Ukiwashinda, fidia imelipwa, uza, mimi sina neno. Ukikataa, nawaleta Wanyamwezi wote wa Ilala tulale mbele ya duka lako. Na tunakoroma.

Maimuna, kofia naisubiri.

Babu yako,
Pantaleo


Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
10 Septemba 2023

Kwa mtani wangu, Babu Pantaleo,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Leo hali yetu ni ndefu, kwa hiyo kaa kitako.

Bodi ilifika salama. Fundi Haruna aliipachika huku nikimmulikia tochi. Ule muziki wa ngoma na ngurumo ulipoanza, Lucky aliacha sahani ya maharage ya mteja katikati ya barabara. Mara benchi likajaa.

Baba alimpigia Bwana Allen kabla Shingo hajamaliza kunguruma. Nilimsikia. Nikampa Mama barua yako. Akatoka nayo kibarazani akaisoma kwa sauti ya kutangaza harusi, mpaka kwenye kukoroma, na wauza viatu wa ng'ambo ya barabara wakaja kusikiliza.

"Huu ni upuuzi," Baba akasema.

"Ni fidia ya msiba wa kaka yako," Mama akamjibu. "Unataka mtaa useme Bushiri alishindwa kumkomboa Ismail?"

Baba akatazama saa. "Sawa. Dakika kumi. Kirikuu iko njiani."

Akakaa mbele ya mashine. Mama ananiambia walipokuwa vijana Baba alikuwa wa Bi Makucha, Shingo alikuwa wa Baba Mkubwa. Akashika fimbo kuchagua mjusi; ikafika kwa Bi Makucha, ikampita, ikasimama kwa Shingo. Shingo hachaguliwi na mtu, Babu. Anageuka kama lori la bandarini. Kijana wa viatu alimpiga Baba mpaka tukaona haya. Baba akainuka akajifuta suruali, anaelekea mlangoni.

"Benchi, Baba," nikamwambia. "Mwisho wa benchi."

Watoto wakadaka, "Mwisho wa benchi! Mwisho wa benchi!" Akaenda akakaa baada ya Lucky, magoti yakamfika kidevuni.

Bwana Allen akaingia. "Mzee, tupakie?"

"Ngoja zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

"Kaa hapo, utaona."

Zamu yake ilipofika, aliyebaki kwenye mashine nilikuwa mimi, na Pembe Tatu wangu. Sikumhurumia, maana bado nina hasira naye. Nilimbana Shingo kwenye kona mpaka mstari wake wa uhai ukabaki kama uzi. Halafu Shingo akarudi nyuma, akarudi tena, akageuza mgongo, na mkia ukaja mara mbili.

Ule mkia wa mara mbili, Babu. Hakuna mtu aliyekuwa anauweza isipokuwa Baba Mkubwa, na kila tulipomwomba atufundishe alicheka tu. Nilidhani tumemzika nao. Pembe Tatu akaanguka. Baba hakuachia fimbo. Akasema, hata sijui alikuwa anamwambia nani, "Alinificha mkia huu mwaka mzima. Nikawa namchungulia dirishani."

Nje kirikuu ikapiga honi.

"Bwana Allen," Baba akasema bila kugeuka, "hapa pana fidia. Mambo ya utani haya, huwezi kuelewa."

"Mzee, mimi Mchaga. Wapare wamenichukulia viatu kwenye msiba wa bibi yangu, nikarudi nyumbani peku. Naelewa sana."

"Basi unajua siwezi kukupa kitu ambacho sijakikomboa."

Bwana Allen akashusha pumzi, akaenda kumwambia dereva azime injini. Akarudi akakaa mwisho wa benchi. Alipoondoka alikuwa amepigwa na Lucky.

Sasa nikueleze kinachonichosha. Kila jioni Baba akifunga duka anakuja kulipa fidia. Mimi ananishinda. Fundi Haruna anamshinda. Wauza viatu wote anawashinda. Anabaki Lucky. Na Lucky, Babu, anabonyeza vitufe kwa kiganja kizima na anafumba macho akishambuliwa. Juzi uhai wake ulibaki kama punje ya mchele. Pigo moja tu lilitosha. Baba akaachia fimbo, akakuna sikio.

"Umefanya makusudi," nikamwambia.

"Vitufe vimechakaa," akasema, akaenda mwisho wa benchi.

Ndoo na mabeseni bado yamejaa ukumbini, tunayaruka kwenda kuoga, na Mama kila siku analalamika. Bwana Allen anapiga simu. Baba anamjibu, "Bado Lucky," anakata.

Mwisho, kuhusu kofia. Haiji. Nimeikamata kwa sheria ya utani, nimeining'iniza juu ya mashine. Ndani ya bahasha hii utakuta ganda la ndizi, naona litakuwa limekauka, ili ujue aliyechukua ni nani. Asali sitaki, na samaki usithubutu. Kama masikio yanakuuma, panda treni uje ukae mwisho wa benchi.

Mtani wako,
Maimuna